Hakimu wa Lewisville

Severin hakuwahi kuwa hakimu. Tuanzie hapo, maana watu wa Dallas walilikuza jambo hili mpaka mwenyewe akaanza kuliamini. Kwao Tanzania alikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, Biharamulo, kwa miaka kumi na tisa. Aliita majina mlangoni, aliapisha mashahidi, alifungua majalada na kuyafunga kwa kamba, na siku hakimu akichoka mkono aliandika yeye mwenendo wa kesi. Kazi ya heshima, sina ubishi. Lakini kati ya karani na hakimu pana meza, na Severin alikaa upande wa chini wa meza hiyo mpaka binti yake alipomvuta kuja Texas.

Hapa Lewisville, kitongoji cha Dallas, asubuhi alifua mashuka ya hospitali, jioni akawa Hakimu. Jina hilo alipewa kwa utani kwenye sherehe ya ubatizo, akacheka, akajirekebisha tai, asilikatae. Basi likamganda. Mtu akikamatwa na trafiki barabara ya 35, anampigia Hakimu. Mpangaji akibandikiwa karatasi mlangoni, Hakimu. Mutuku, Mkamba dereva wa malori aliyekaa ghorofa ya chini yake, hakufungua bahasha yoyote ya serikali kabla ya kuipandisha juu kwanza. Na Severin alivaa miwani, akasoma polepole, akasema neno la mwisho. Alipenda ile hali ya watu kunyamaza wakimsubiri. Tusimlaumu sana kwa hilo. Mtu aliyefua mashuka kutwa nzima naye anataka mahali pa kusikilizwa.

Wala hakuwa mbabaishaji. Siku zake za mapumziko alikwenda kukaa kwenye mahakama za hapa, kwa kuwa ziko wazi kwa kila mtu, akasikiliza na kuandika kwenye kaunta buku. Aliandika kwamba mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti hupigiwa kura, na jaji wa Texas naye hupigiwa kura, jambo lililomshangaza akaliandika mara mbili. Aliandika kwamba mshtakiwa ana haki ya kunyamaza na kunyamaza kwake si kukubali, na kwamba asiye na uwezo hupewa wakili kwenye kesi ya jinai. Wale raia wanaoketi pembeni kuamua kesi aliwaita wazee wa baraza, kwa sababu kwao hakimu huketi na wazee wawili. Hapa kwa kesi kubwa ni kumi na wawili, wengine vijana tu wa miaka ishirini, na lazima wote wawe na kauli moja ndipo mtu atiwe hatiani. Kisha akagundua kwamba kesi nyingi haziwafikii hao wazee. Zinaishia koridoni, wakili na mwendesha mashtaka wakinong'ona: mteja wako akiri hili, nasi tutamwondolea lile. Hilo hakulipatia neno. Aliandika "maelewano," akaweka alama ya kuuliza.

Ile alama ya kuuliza angeiheshimu, nisingekuwa na cha kusimulia.

Flaviana ni binti wa marehemu kaka yake, na Severin ndiye aliyemlea. Aliishi Houston, kule Sharpstown, na mwanawe mmoja aitwaye Zoé, jina aliloachiwa na baba Mkongomani aliyekwenda zake mtoto akiwa hajaota meno. Alikuwa na kadi ya kijani, hakuwa raia bado. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee. Asubuhi moja akimwogesha mzee mmoja, mzee akateleza, Flaviana akamdaka mkono asije akapasua kichwa sakafuni. Mzee yule alikuwa anakunywa dawa za kuyeyusha damu, na anayezijua dawa hizo anajua ngozi inavyovilia damu. Mkono ukawa mweusi toka kiwiko mpaka bega. Wanawe walikuja baada ya siku mbili, wakapiga picha. Askari wakamfuata Flaviana kazini, wakaondoka naye akiwa na sare yake. Shtaka: kumjeruhi mzee. Texas hilo si jambo la kuombana radhi, ni kosa kubwa la jinai.

Alipotoka kwa dhamana, mtu wa kwanza kumpigia ni Baba Mdogo wake, na Baba Mdogo akawasha gari. Toka Lewisville mpaka Houston ni saa nne na ushee barabara ya 45, na njia nzima Severin alikuwa akijipanga maneno. Nasema kweli, alikuwa na huzuni, lakini kwa ndani kulikuwa na kitu kingine pia. Safari hii ilikuwa kesi yenyewe, si tikiti ya mwendo kasi.

Flaviana alikuwa na msimamo. Hakumpiga mtu, na alitaka kuwaambia hivyo wazee kumi na wawili ana kwa ana. Mmeksiko aliyefanya naye kazi chumba kile kile aliona kila kitu na alikuwa tayari kusema. Wakili aliyepewa na mahakama, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimwambia kwamba anaweza kushinda na anaweza kushindwa, na akishindwa ni jela. Wakaenda hivyo miezi saba. Kisha, siku ya kufika mahakamani, kijana akatoka kwa mwendesha mashtaka na karatasi mkononi. Kulikuwa na ofa. Flaviana akiri kosa, jaji asimtie hatiani, awe chini ya uangalizi miaka mitatu, akiimaliza salama kesi ifutwe. Kitu hicho kinaitwa "deferred adjudication."

Walisimama watatu koridoni, Severin akiwa amekuja tena toka Lewisville. Kijana aliongea mbio mbio, maana alikuwa na wateja wengine wanne wakimsubiri kwenye benchi. Aliuliza kama Flaviana anahitaji mkalimani, angeweza kuomba mmoja kwa simu. Severin akajibu kabla ya mwenye kesi: hapana, mimi nipo. Flaviana Kiingereza cha kazini alikijua vizuri, lakini hiki cha mahakama, na kwa kasi ile, na machozi yale, kilimpita. Akawa anamtazama Baba Mdogo mdomoni.

"Baba Mdogo, hiyo deferred ni nini?"

"Ni kuahirisha," Severin akasema. "Hukumu imeahirishwa. Saini, mwanangu, twende nyumbani."

Jamani, neno kuahirisha! Anayezijua mahakama zetu anajua uzito wake. Kwetu kesi huahirishwa kwa kuwa shahidi hakuja, huahirishwa kwa kuwa jalada halionekani, huahirishwa mvua ikinyesha. Severin kwa miaka kumi na tisa aliita kesi zilizoahirishwa mpaka mlalamikaji akachoka, akaenda zake kulima. Kesi iliyoahirishwa, kwa macho yake, ilikuwa kesi iliyolala, na iliyolala mara chache iliamka. Kwa hiyo hakusema uongo. Alimwambia mtoto wa kaka yake kile alichokiamini kwa moyo wote.

Kijana wakili alikuwa hajamaliza. Alisema sentensi moja zaidi, na Severin aliisikia vizuri. Alisema kwamba Flaviana si raia, na kukiri huku kutamfanya aondolewe nchini hata kama Texas itafuta kesi, kwa hiyo kama anataka wakatae, yeye yuko tayari kwenda mbele ya wazee kumi na wawili. Severin akatikisa kichwa. Mtu ambaye hukumu yake imeahirishwa atafukuzwaje? Akaona kijana anajikinga tu, kama wanavyojikinga mawakili wote. Flaviana akauliza anasemaje.

"Maneno ya kawaida ya kisheria," Severin akamwambia. Basi. Aliiruka.

Mbele ya jaji Flaviana aliulizwa maswali mengi. Je, anaelewa anachofanya? Je, kuna mtu amemlazimisha? Je, anajua kwamba kwa asiye raia kukiri kunaweza kuwa na madhara? Kila swali aligeuka nyuma kumtafuta Baba Mdogo kwenye mabenchi, na kila mara Severin aliinamisha kichwa: ndiyo. Naye akasema ndiyo. Mwisho akaulizwa anajibu nini kwa shtaka, akasema nakiri, kwa sauti ambayo karani wa jaji alimwomba airudie.

Miaka mitatu akawa anaripoti kwa afisa uangalizi kila mwezi. Hata hilo halikuwashtua, maana kwetu mtu wa dhamana huripoti polisi, na wao wakaona ndiyo ile ile, kesi imelala na mwenyewe anaripoti. Zoé, aliyekuwa anakua akijibu kila kitu kwa Kiingereza, alijifunza neno moja gumu la Kiswahili kutokana na mambo haya. Akiulizwa na watoto wa kanisani kuhusu mama yake alisema "ime-ahirishwa," kwa lafudhi yake ya Houston, na watu wazima wakacheka. Ilipokuja karatasi kwamba kesi imefutwa, Lewisville kulipikwa pilau. Severin alisimama na glasi ya soda akawaeleza watu jinsi alivyoisoma kesi ile tangu mwanzo. Mutuku alimpigia makofi kuliko wote.

Kisha mama yake Flaviana akafa. Mtoto gani haendi kumzika mama yake? Alimwacha Zoé Lewisville kwa Babu, yaani Severin, akaenda Biharamulo, akazika, akakaa siku tisa, akarudi. Uwanja wa ndege wa Houston ofisa alipitisha kadi yake, akaitazama kompyuta kwa muda mrefu, akamwomba amfuate chumba cha nyuma. Toka chumba kile hakurudi Sharpstown tena. Walimpeleka kituo cha kuzuia wahamiaji, kaskazini ya mji.

Zoé alikuwa na miaka tisa. Siku ya kwanza aliuliza mama anakuja lini, na Severin akasema kesho.

Wakili waliyempata ni Mkenya, Wawira, mwenye ofisi Dallas juu ya duka la matairi. Mama wa maneno machache. Alilisoma jalada lote Severin akiwa amekaa mbele yake na kaunta buku magotini, halafu akavua miwani.

"Mzee, sikiza," alisema. "Hapa kuna sheria mbili, na hazijuani. Ya Texas inasema hakutiwa hatiani. Ya uhamiaji ni ya serikali kuu. Hiyo inauliza mambo mawili tu: alikiri? Aliwekewa masharti? Basi, ametiwa hatiani. Hakuna kitu kiliahirishwa hapa."

Akaendelea kueleza, na Severin akawa anaandika. Kwenye mahakama ya uhamiaji hakuna wazee kumi na wawili, wala serikali haikupi wakili. Jaji wa kule hasikilizi tena kama ulimpiga mzee au hukumpiga, anaangalia karatasi uliyosaini. Mlango uliobaki ni mmoja: kurudi kwa jaji wa Houston na kuomba kule kukiri kufutwe, kwa hoja kwamba wakili wa kwanza hakumwonya mteja wake ipasavyo. Jalada halikuwa na maandishi ya onyo lolote zaidi ya fomu. Kijana yule alikuwa ameacha uwakili, na kwenye kiapo chake aliandika kwamba wateja walikuwa wengi, hakumbuki alimwambia nini Flaviana. Na Flaviana aliapa kwamba hakuwahi kusikia kwamba angeondolewa. Aliapa kweli, maskini, kwa kadiri alivyojua.

Wawira alimtaka Severin kwa jambo moja tu, aseme kwamba binti hakuelewa. Akamuusia kwa heshima ajibu anachoulizwa, asizidishe. Hakumuuliza zaidi, na Severin hakumwambia zaidi. Lakini ile sentensi ilikuwa imeanza kumrudia. Ilimrudia akikunja mashuka. Ilimrudia Zoé alipokuwa akiongea na mama yake kwenye simu ya kituo, akimsomea hadithi za shule kwa haraka kabla simu haijakata. Aliona aibu ya kweli, aibu ya mzee, isiyolala. Na kadiri siku zilivyokwenda akafikia uamuzi: atabeba mzigo wake mwenyewe. Asingemsukumia kijana wa watu dhambi isiyo yake. Angesimama, angekiri mbele ya jaji, na jaji angeona kwamba binti hana kosa, kosa ni la mzee wake.

Kwao ndivyo mambo yanavyokwisha. Mkubwa akisema nimekosa mimi, mwacheni mtoto, hakimu hulegea. Severin alishaona mara ngapi! Tena aliyaandika yeye mwenyewe kwenye majalada: mshtakiwa amejutia, mahakama imemhurumia.

Siku ya kusikilizwa alivaa suti ya harusi ya binti yake. Flaviana hakuletwa, alionekana kwenye skrini ukutani, kachakaa, na nguo za kituo. Mahakama ilileta mkalimani mwenye leseni, Mtanzania aitwaye Majaliwa, na safari hii Severin hakukataa. Alitaka kila neno lifike. Akanyoosha mkono wa kulia, yeye aliyewaapisha mamia, akaapa kusema kweli tupu.

Wawira aliuliza kama siku ile Flaviana alielewa anachokubali. Severin akasema hapana, alidhani kesi imeahirishwa. Wawira akashukuru, akaketi upesi. Kama mambo yangeishia pale, leo ningekuwa nasimulia kitu kingine.

Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke kijana, wala hakuwa mkali. Aliinuka akauliza swali ambalo nadhani hata yeye hakulitegemea makubwa: nani alimweleza Flaviana kwamba ni kuahirishwa?

Severin akamgeukia jaji, si yeye.

"Mheshimiwa, ni mimi," alisema. "Yule wakili kijana msimlaumu. Alisema wazi, tukiwa tumesimama wote watatu, kwamba binti ataondolewa nchini. Alisema yuko tayari kwenda kwa wazee kumi na wawili. Aliuliza kama anahitaji mkalimani, nikasema mimi nipo. Nilimsikia. Binti aliniuliza anasemaje, mimi sikumtafsiria. Kosa ni langu. Naomba mniadhibu mimi, mtoto arudi kwa mwanawe."

Majaliwa alitafsiri yote. Hakuruka hata neno moja.

Wawira alikuwa ameinuka nusu, kisha akakaa, akaiweka kalamu mezani. Severin alimwona na hakuelewa. Alikuwa bado anamtazama jaji, akisubiri ule uso kulegea. Na kusema haki, jaji alimtazama kwa huruma, akamshukuru kwa ukweli wake. Halafu akasema hahitaji muda kuandika. Swali lililoko mbele yake lilikuwa moja, kama wakili alionya au hakuonya, na shahidi wa upande wa binti mwenyewe ameapa kwamba alionya, kwa maneno ya wazi, mbele yake. Binti alipewa nafasi ya mkalimani, akamchagua mjomba. Sheria haina dawa ya kosa la mjomba. Ombi limekataliwa. Majaliwa akalitafsiri na hilo.

Mjomba! Hata si mjomba, ni Baba Mdogo. Lakini nani pale alikuwa na haja ya kurekebisha.

Skrini haikuzimwa mara moja. Flaviana alikuwa ameisogelea kamera mpaka paji la uso likajaza skrini.

"Baba Mdogo," alisema. "Ulimsikia?"

"Nilimsikia, mwanangu."

Hakulia wala hakutukana. Tangu azuiwe alikuwa akimlaani yule kijana wakili kwa kutomwambia, na sasa hakuwa na wa kumlaani isipokuwa mtu aliyemlea. Alikaa akimtazama, mdomo wazi kidogo, mpaka mtu wa upande wa pili akabonyeza, ukuta ukawa mweupe.

Wawira alimsindikiza mpaka kwenye gari. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alisema watakata rufaa, akasema pia asitegemee. Severin akaendesha saa nne kurudi bila kuwasha redio.

Alimkuta Zoé mezani kwake, ameacha kazi za shule, simu mkononi. Mama alikuwa amepiga. Hakuwa amemweleza mengi, ila neno moja lilimtoka, na mtoto alilishika.

"Babu," aliuliza, "what's denied?"

Pale mezani ndipo watu walipokuwa wakiketi kumsubiri Hakimu aseme. Kaunta buku ilikuwa bado hapo. Severin alivua koti la suti, akaketi, akamweleza mjukuu wake kila kitu kwa Kiswahili chepesi, toka koridoni mpaka kwenye skrini. Ile sentensi aliyoiruka akaisema mara mbili, ili asije akaiharakisha. Zoé alisikiliza. Machoni pake kulikuwa bado na kitu kinachosubiri, maana maisha yake yote mambo ya mama yake yalikuwa na neno lake, na neno hilo alifundishwa na Babu huyu huyu.

"So," akasema, "ime-ahirishwa?"

"Hapana, mjukuu wangu," Severin akamwambia. "Imekwisha."